Kingamwili: Neno na Ushahidi wa Gombe

Istilahi kingamwili huhesabiwa miongoni mwa zile zinazojieleza zenyewe. Kinga ni kizuizi cha madhara. Mwili hauhitaji fasili. Uwazi huo ndio unaostahili kutiliwa shaka, kwani maabarani na zahanatini neno hilo hubebeshwa maana ambayo viambajengo vyake havina.

Mfano mzuri unatoka Gombe, hifadhi iliyoko kaskazini mwa Kigoma kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tangu miaka ya 1970 wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania wamekuwa wakiwafuata sokwe msituni na kuandika mienendo yao kwa Kiswahili. (Jambo hili hukumbukwa kwa nadra na wale wanaouliza iwapo lugha hii inaweza kubeba sayansi.) Kinyesi na mkojo wa sokwe hao vilikusanywa bila mnyama yeyote kuchomwa sindano. Katika maabara ya Beatrice Hahn, Marekani, zikatafutwa humo kingamwili dhidi ya SIVcpz, virusi vya jamii moja na VVU. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kati ya sokwe 94, 17 walibainika kuambukizwa, na hatari yao ya kufa ilikuwa mara 10 hadi 16 ya ile ya wenzao wa umri uleule wasio na virusi. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba virusi hivyo havimdhuru sokwe.

Kingamwili zilizoonekana hazikuwa ngao iliyowaokoa sokwe wale. Zilikuwa alama kwamba adui amekwisha kuingia.

Katika utafiti wa epijenetiki neno huenda mbali zaidi. Histoni ni protini ambazo DNA huzungushiwa, na alama za kikemia zilizo juu yake husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Ili kuzipata alama hizo, mtafiti hutumia kingamwili, mara nyingi ya sungura, inayonasa alama moja na kuziacha nyingine. Hapo hakuna mwili unaokingwa. Kuna chambo tu, na chambo kibovu hunasa alama isiyokusudiwa.

Mtafiti hapotezwi na jina. Anayeweza kupotezwa ni mkazi wa Ujiji anayeambiwa, baada ya kupimwa, kwamba damu yake ina kingamwili za VVU. UKIMWI wenyewe umeitwa upungufu wa kinga mwilini. Je, aliyekutwa na kingamwili si ndiye mwenye kinga? Kihusishi -a hakimsaidii, na “dhidi ya” huikoleza zaidi dhana ya ulinzi. Mtoto mchanga naye huweza kuwa na kingamwili alizorithi kwa mamaye bila kuwa na virusi, hadi kufikia miezi 18 hivi.

Kulifuta neno lililokwisha kuzoeleka hakufai. Kinachohitajika ni kamusi kuongeza fasili ya pili, ya kingamwili kama kitambuzi, na mpimaji kumwambia mteja kwanza iwapo ana maambukizi, ndipo ataje kilichoonekana katika damu.