Mswada Hufia Kamatini: Namna Bunge la Jimbo la Minnesota Linavyotunga Sheria



Wengi wetu tunaoishi Minnesota huanza kufuatilia mswada tunaposikia kwenye habari kuwa utapigiwa kura. Hoja ya mada hii ni kwamba siku hiyo tumekwisha kuchelewa. Maamuzi mazito hufanywa wiki nyingi kabla, katika vyumba vya kamati pale Saint Paul, na huko ndiko maneno ya mkazi wa kawaida huwa na uzito.

Bunge la jimbo lina mabaraza mawili: Seneti yenye wajumbe 67 na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134. Wazo la sheria laweza kutoka kwa yeyote, lakini mjumbe peke yake ndiye mwenye haki ya kuwasilisha mswada. Hata gavana hutafuta mjumbe wa kumbebea wake. Waliozoea mabunge ya Dodoma na Nairobi, ambako miswada mingi hutoka serikalini, watauona utaratibu huu kuwa mgeni.

Katiba ya jimbo inataka mswada usomwe mara tatu katika kila baraza, kwa siku tatu tofauti, isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wakikubali kuharakisha kwa dharura. Unaposomwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Hupelekwa moja kwa moja kwenye kamati. Hapo mwenyekiti wa kamati ndiye anayeamua upi usikilizwe. Asipoupangia siku, hakuna kura inayopigwa wala sababu inayotolewa. Tarehe ya mwisho ya kamati, ambayo kwa kawaida huangukia Machi, hupita, na mswada hubaki kabatini. Ukipangiwa siku, mtu yeyote anaweza kuomba kutoa maoni, awe raia au asiwe. Vifungu hurekebishwa hapo, na wajumbe husikiliza kwa makini zaidi kuliko ukumbini, ambako vyama vimekwisha kujipanga.

Mfano ulio karibu nasi ni mswada wa leseni za udereva kwa wakazi wasio na hati za uhamiaji. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi liliupitisha mswada huo, lakini Seneti, iliyokuwa mikononi mwa chama cha Republican, haikuupitisha. Kipindi cha Bunge cha miaka miwili kikiisha, miswada yote iliyosalia hufa, na anayeitaka huanza upya na namba mpya. Uchaguzi wa 2022 ulikipa chama cha DFL (jina la chama cha Democratic katika Minnesota) viti 34 katika Seneti, yaani idadi ileile ya chini kabisa inayohitajika kupitisha mswada, maana huhesabiwa wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, si wa waliohudhuria. Mswada wa leseni ulirudishwa, ukapita, Gavana Tim Walz akausaini Machi 2023, na sheria ikaanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo. Waliokuwa wametoa ushahidi mwaka baada ya mwaka, hata pale waliposhindwa, ndio waliouweka hai.

Hatua zilizobaki zinaeleweka haraka. Mabaraza yote mawili lazima yapitishe maneno yaleyale. Yakitofautiana, kamati ya pamoja hutafuta mapatano. Gavana ana siku tatu, bila kuhesabu Jumapili. Asiposaini wala kukataa, mswada huwa sheria. Lakini ule uliopitishwa siku za mwisho za Bunge hufa asipousaini ndani ya siku 14. Akipiga kura ya turufu, zinahitajika kura 45 za Seneti na 90 za Wawakilishi kumshinda, jambo gumu mno pale vyama vinapokaribiana.

Napendekeza, kwa hiyo, jumuiya zetu zisisubiri Mei, mwezi wa kufunga Bunge. Kila Januari tuwajue wenyeviti wa kamati zinazotugusa: afya, elimu, uchukuzi, makazi. Tuwaandikie kuomba mswada usikilizwe, na tuwaandae mapema watu watakaokwenda kusema.