Ukingo wa Baraza

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya ule ukingo wa viguzo vya zege ambao mtu aliyejaliwa kujenga nyumba hupenda kuuweka mbele ya baraza au kwenye roshani. Wapendeza, hapana shaka. Lakini mgeni huketi juu yake, mtoto huupanda, na mzee akishikwa na kizunguzungu huuegemea kwa uzito wake wote. Kitu kama hicho chataka kujengwa kwa hesabu.

Umbo la kiguzo, chembamba shingoni na kinene tumboni, lilienezwa na mafundi wa Italia katika karne ya 15, nao walikichonga kwa mawe. Jina walilokipa latokana na ua la mkomamanga, kwa kuwa ua lile nalo limevimba namna hiyo. Sisi hatuchongi mawe. Twamimina zege katika kalibu. Nalo zege lina tabia yake: ukiligandamiza lastahimili sana, ukilipinda lavunjika upesi. Ndiyo sababu hutiwa chuma ndani. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hati ya serikali mwaka 1867 kwa ajili ya vyungu vya bustani vya saruji vilivyotiwa chuma. Na kiguzo chetu ni jamaa wa vyungu vile.

Tuanze na vipimo. Ukingo wa roshani uwe na kimo cha meta 1 na sentimeta 10 kutoka sakafuni. Nafasi kati ya kiguzo na kiguzo isizidi sentimeta 10, ili kichwa cha mtoto mchanga kisipite. Hapa mafundi wengi hukosea, kwa kuwa hupima kati ya tumbo na tumbo, na mtoto hapiti tumboni, hupita shingoni. Haya, wanafunzi, chukueni kalamu. Kiguzo kina unene wa sentimeta 12 tumboni na 6 shingoni. Kutoka katikati ya kimoja hata katikati ya kinachofuata tukiweka sentimeta 16, shingo zitaachana kwa sentimeta 10 kamili. Basi kati ya nguzo kubwa mbili zilizoachana kwa meta 4 twahitaji viguzo 25, na cha kwanza na cha mwisho vitakaa sentimeta 8 kutoka nguzoni. Hesabuni wenyewe mwone.

Kwa kumimina, pima kwa debe wala si kwa macho: saruji debe 1, mchanga safi madebe 2, kokoto ndogo madebe 3. Kokoto zisizidi ukubwa wa punje ya hindi, la sivyo zitakwama shingoni na kuacha shimo. Maji yawe machache. Mfuko wa saruji wa kilo 50 watosheka na lita 25 hivi. Fundi mvivu hupenda uji mwepesi kwa sababu wajimimina wenyewe, lakini maji yaliyozidi yakikauka huacha vitundu vingi, na zege hulegea. Paka kalibu mafuta, simamisha ufito wa chuma wa milimeta 8 katikati barabara, kisha mimina kidogo kidogo huku ukishindilia na kugongagonga kalibu nje ili hewa itoke. Kesho yake waweza kuifungua kwa upole. Viguzo uvilaze kivulini, uvifunike magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7 au zaidi. Zege haligumu kwa kukauka, lagumu kwa kunywa maji. Anayelianika juani aliua likali changa.

Sasa nafika penye hatari yenyewe. Ule ufito wa ndani hauna budi kutokeza juu na chini, kiasi cha shubiri moja kila upande. Ncha ya chini ishikwe na zege la msingi wa ukingo, na ya juu ishikwe na zege la mwamba wa juu, ambao nao una nondo zake zinazoingia katika nguzo kubwa. Na nondo za nguzo zifungwe na zile za sakafu. Nimeona nyumba ambayo fundi alivibandika viguzo kwa udongo wa saruji tu, kama mtu abandikaye stempu. Siku ya karamu watu watatu waliegemea pamoja, na ukingo wote ukaenda chini pamoja nao. Mmoja alivunjika nyonga. Wanunuao viguzo vilivyokwisha kutengenezwa kando ya njia na watazame kwanza kama chuma chaonekana kwenye ncha zote mbili. Kama hakionekani, wasinunue hata kwa bei ya bure.

Kwetu pwani kuna adui mwingine, naye ni chumvi. Mchanga wa ufuoni ni mweupe na hauna bei, lakini una chumvi, na chumvi hula chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi hulisukuma zege kutoka ndani hata likapasuka. Tumia mchanga wa mtoni au wa machimbo, na maji ya kunywa. Tena, aishiye karibu na bahari na anenepeshe shingo ya kiguzo ifike sentimeta 9, ili chuma kifunikwe kwa sentimeta 4 kila upande. Hapo hesabu ya nafasi itabadilika, na itafanywa upya.

Mwamba wa juu uinamishwe kidogo kuelekea nje, mvua isituame. Kila mwaka, masika yakiisha, pita na nyundo ndogo ukigonga kiguzo kimoja kimoja. Kizima hulia kwa sauti kali; kilichooza hulia kama mtungi wenye ufa. Ukiona mstari wa rangi ya kutu, usiufiche kwa chokaa wala rangi. Chimbua kwa tindo mpaka chuma kionekane pande zote, kisugue kwa brashi ya waya hata king'ae, lowesha, paka uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka ziba kwa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3. Kiraka hicho nacho kifunikwe kitambaa kibichi siku 7. Lakini chuma kikiwa kimeliwa hata kimekuwa chembamba kama sindano ya kushonea magunia, acha kuziba: funga njia ya roshani kwa kamba, uwakataze watoto, ukiondoe kiguzo hicho na kukiweka kipya.