Jina Lisiloandikwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa chama)



Mimi si mjuzi wa vita. Kazi yangu ni daftari, kama yenu. Lakini nimeona ya kuwa kuwakumbuka askari wa zamani ni jambo letu sisi makarani kuliko tudhanivyo.

Sote twaijua sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Kwanza pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Chini ya yule askari wa shaba pana maneno ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yawataja askari Waafrika, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, ajapokufa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi njema. Lakini lizungukeni jiwe lile pande zote: hamtaona jina hata moja.

Katika vita vile vya 1914 hadi 1918 wapagazi walikuwa mamia ya maelfu. Walichukua vyakula na risasi vichwani, maana mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Wengi walikufa kwa kuhara, homa na njaa, wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo latokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Twanunua ndizi pale, nasi hatuwakumbuki.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ya kuwa watu 116,000 kwa uchache, na huenda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Baadhi ya wakubwa wa zamani zile walidhani Mwafrika hana haja ya jiwe la kaburi.

Nyumbani kwetu wazee walisimulia habari za kijana wa ukoo aliyechukuliwa upagazi asirudi. Mama yake hakuweka matanga hata siku moja, kwa kuwa hakuna aliyemletea habari ya kifo. Basi alingoja mpaka akafa.

Ndugu zangu, shaba haina kumbukumbu. Kumbukumbu ni orodha, na orodha ni kazi yetu. Mwenye kalamu akiruka jina kwa uvivu, amzika mtu mara ya pili.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, kila mwanachama awaulize wazee wake jina la mmoja aliyekwenda vitani, na kijiji chake, alete tuliandike katika kitabu kimoja cha chama. Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka. Tusipouliza sasa, hatutakuwa na wa kumwuliza.