Kabati la Ukutani: Kampuni au Fundi wa Mtaani?

Mazungumzo kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mada ya leo ni kabati la ukutani la chumba cha kulala. Ni kazi inayomgharimu mwenye nyumba akiba ya miezi mingi, na mara nyingi arubuni hutolewa kabla hata mbao moja haijakatwa. Kwa sababu hiyo, swali linaloulizwa Mtongwe, Mishomoroni na Chaani ni lile lile: kazi hii apewe kampuni au fundi wa mtaani?

Kila upande una ubora wake. Kampuni huwa na ofisi, sampuli za kuonyesha na mashine za kukata na kubandika kingo. Kabati hutengenezwa karakana, likaletwa nyumbani kuunganishwa kwa siku chache. Mwenye nyumba za kupangisha anayetaka makabati 20 yanayofanana kwa tarehe maalumu atafaidika zaidi na mpango wa namna hiyo. Lakini mteja wa kampuni hulipia pia ofisi, matangazo na usafirishaji. Mzigo unaotoka kisiwani kwenda Likoni lazima upande feri au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, na gharama hiyo haimwendei mwingine ila mteja.

Fundi wa mtaani hupima ukuta ulivyo. Nyumba nyingi za bara zimejengwa kidogo kidogo, na pembe za vyumba si zote zilizonyooka. Fundi mwenye randa na uzoefu huyafuata mapindo ya ukuta bila kuacha mwanya. Mlango ukilegea baada ya miezi 6, anapatikana kwa mguu. Fedha anazolipwa nazo huzunguka papo hapo: kwa muuza mbao, kwa mwenye mkokoteni, kwa mama ntilie. Udhaifu unaolalamikiwa kwake ni kuchelewa, kupokea kazi nyingi kwa wakati mmoja, na kukubaliana kwa maneno matupu.

Hata hivyo, jina la kampuni si dhamana ya ubora, wala kibanda cha mabati si dalili ya kazi mbovu. Kampuni nayo yaweza kumpa kazi fundi yule yule wa mtaani. Mambo yanayoamua ni matatu: mbao, mapatano na malipo.

Tuanze na mbao. Hewa ya Pwani ina unyevu na chumvi. Chipbodi na MDF ya kawaida hufura zikipata maji, na skrubu iliyong'oka ukingoni hairudi kushika vizuri. Plaiwudi na bloku bodi huvumilia zaidi. Mvule na mahogani hudumu, ila bei yake ni kubwa. Mbao laini, kama saiprasi, zinahitaji kukauka vyema na kupakwa dawa ya mchwa kabla ya kufungwa. Bawaba na skrubu ziwe za aina isiyoshika kutu. Kabati liachiwe nafasi ndogo ya hewa nyuma, na liinuliwe kutoka sakafuni, ili maji ya kupigia deki yasilifikie. Ukuta wenye unyevu utengenezwe kwanza, la sivyo nguo zitaota kuvu hata kama kabati ni la thamani.

Mwenye nyumba anaweza pia kuikagua bei kwa hesabu ndogo. Bodi moja ya kawaida ina futi 8 kwa 4. Kabati la kimo cha futi 8, upana wa futi 6 na kina cha futi 2, lenye kizigeu kimoja, rafu 4 na milango, hula bodi 5 au 6, kabla ya kuhesabu mgongo na droo. Akiambiwa bodi 10, ana haki ya kuuliza nyingine zinakwenda wapi. Akiambiwa 3, ajue kuna kitu kitapunguzwa.

Pili, mapatano. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi moja inatosha: vipimo, mchoro, aina na unene wa mbao, idadi ya droo, aina ya bawaba, rangi au vanishi, bei, tarehe ya kumaliza, na muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo. Iandikwe pia bei hiyo itasimama kwa siku ngapi. Serikali ya kitaifa ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, Februari 2018, bei ya mbao ilipanda nchini. Marufuku hiyo ilitangazwa kuondolewa Julai 2023. Bila bei iliyoandikwa, mabadiliko kama hayo huzua ugomvi katikati ya kazi.

Mpangaji naye apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Kitu kilichofungwa ukutani kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba, na siku ya kuhama huenda kikabaki.

Tatu, malipo. Asilipe yote mwanzoni. Njia salama ni mwenye nyumba kununua mbao mwenyewe akiwa pamoja na fundi, risiti ikabaki kwake; kazi ikikwama, mbao bado ni zake. Ufundi ulipwe kwa awamu: sehemu kazi inapoanza, sehemu kabati likisimama, na salio baada ya milango na droo kujaribiwa. Kwa kampuni, arubuni ilipwe kwa akaunti ya kampuni, si kwa simu ya mfanyakazi. Ujumbe wa M-Pesa na risiti zihifadhiwe.

Mambo yakiharibika, sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kusikizwa na kuamuliwa ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Ile karatasi ya mapatano ndiyo ushahidi wake wa kwanza.

Kwa mafundi, neno ni hili: karatasi hiyo inawalinda ninyi pia, dhidi ya mteja anayebadili mchoro kila siku au anayekimbia salio. Fundi aliyejifunza kazini bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la 3 hadi la 1. Picha za kazi zilizokamilika, leseni ya biashara na kutimiza ahadi ya siku vitamleta mteja ambaye leo anakwenda kwa kampuni kwa hofu tu.

Basi kabla ya kutoa shilingi, mwenye nyumba aende akaone kabati lililotengenezwa na huyo anayemtaka, lililotumika angalau mwaka mmoja. Afungue milango, avute droo, amwulize mwenyewe. Jibu atakalopata hapo lina uzito kuliko tangazo lolote.