Jina la Kilwa na Haki ya Wakaazi Wake
Mada juu ya kutangaza na kusimamia utalii wa vijijini



Mintarafu ya namna vijiji vyetu vinavyoweza kujinadi kwa wageni kwa nyenzo za zama hizi za simu na intaneti, nimeona vyema kuipima hoja hiyo kwa Kilwa Kisiwani, kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania, mahali ambapo sifa ilivuka bahari karne nyingi kabla ya kuzaliwa kazi ya utangazaji. Msafiri Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliuhesabu mji ule miongoni mwa miji mizuri kabisa. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa zimeokotwa hata katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Na Msikiti Mkuu pamoja na kasri la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane, vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Sifa basi haikukosekana; kilichopungua kilikuwa tadbiri: bahari ilizidi kuula ukingo wa kisiwa, miti na mizizi ikapasua kuta, hata mwaka 2004 Kilwa ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, isitolewe humo ila mwaka 2014, baada ya kazi ya uhifadhi ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki.

Chapa ya mahali ni ahadi anayopewa mgeni kabla hajapanda mashua ya kwenda kisiwani pale Kilwa Masoko, upande wa bara, na wenye kuitimiza ni nahodha, mwongozaji na mama anayempikia wali na samaki. Kwa hiyo nyenzo za kidijitali hazina budi kuanzia kwao. Kibali na nauli vikilipwa kwa simu, serikali ya kijiji na ilione fungu lake siku iyo hiyo. Idadi ya wageni ikijulikana mapema, meli kubwa isimwage umati wake wote kwa saa moja juu ya kuta za matumbawe na chokaa, bali wagawanywe kwa zamu, wengine wapelekwe kwenye magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara maji yakiruhusu. Na kila msimu kuta zipigwe picha kutoka mahali palepale, ili ufa mpya ubainike ungali mdogo.

Linalonihuzunisha zaidi ni matangazo yanayoinadi Kilwa kama mji uliopotea, ilhali watu wangali wakiishi, wakivua na kuswali hatua chache kutoka kwenye magofu hayo. Mtoto wa kisiwani akisoma hayo atajiona mpangaji katika nyumba ya babu zake. Kwa taadhima, naliomba baraza hili lipendekeze kwamba, kabla ya kutengenezwa tovuti au programu yoyote, halmashauri ya wilaya ikae na wazee na vijana wa Kisiwani, habari za mahali zitungwe kwa Kiswahili, zisomwe mbele yao na kuridhiwa, ndipo zifasiriwe kwa lugha za wageni.