Springi Haidanganyi: Kukagua na Kutengeneza Pikapu ya Kikundi

(Haya ni mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa ili yasomwe katika mikutano yenu, na dereva awepo.)



Nimeombwa niseme juu ya gari la kikundi. Wengi wenu mna pikapu moja mliyoinunua kwa kuchanga kidogo kidogo. Asubuhi inabeba maziwa, siku ya soko inabeba viazi na mahindi, na usiku mtu akizidiwa, ndiyo inampeleka hospitali. Ikilala, kikundi kizima kimelala. Ikianguka, watakaoumia ni watu wetu wenyewe.

Leo sitagusa injini. Nitasema juu ya vile vitu vinavyolibeba gari: springi, shokabzoba, bushi na bolti zake. Mara nyingi haviharibiki kwa siku moja. Huanza kulia mapema, ila sisi huongeza sauti ya redio tukaendelea na safari.

KILA KITU NA KAZI YAKE

Pikapu nyingi, kama Toyota Hilux na ile Peugeot 504 ya zamani, nyuma zina springi za mabamba, yaani vipande vya chuma vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokabzoba haibebi mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na hapo ndipo mrusho unapoishia.

Bushi ni zile raba zinazozuia chuma kisisagane na chuma. Yu-bolti ni bolti zilizopindwa kama herufi U, nazo hufunga springi kwenye ekseli. Katikati ya mabamba kuna senta bolti. Huyashika mabamba pamoja, na kichwa chake huingia kwenye tundu ili ekseli isisogee mbele wala nyuma.

UKAGUZI WA KILA JUMAMOSI

Huu hauhitaji pesa. Mnahitaji mahali tambarare, brashi, kamba ya katani, jeki na watu watatu.

Kwanza, hakikisheni tairi zina upepo sawa. Halafu simameni nyuma ya gari likiwa tupu. Je, limeegemea upande mmoja? Pimeni kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Upande ulioshuka una springi iliyochoka ama bamba lililovunjika.

Pili, sugueni tope kwenye mabamba mtafute ufa, hasa karibu na yu-bolti na pale kwenye macho ya springi. Bamba moja likivunjika, mzigo wake unahamia kwa yale yaliyobaki, nayo yatafuata.

Tatu, tazameni yu-bolti. Mkiona mahali pamesuguliwa pakang'aa, ama vumbi jekundu la kutu linatoka chini ya nati, jueni zimelegea. Hapa msicheze. Yu-bolti zikilegea, mabamba huanza kutembea, senta bolti inakatika, na ekseli inahama. Ndipo mnaona gari linakwenda upande, sehemu ya nyuma haifuati ya mbele. Kuhakikisha, nyoosheni usukani, mpime kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, pande zote mbili. Vipimo vikiachana, gari lisitoke hadi sababu ijulikane.

Nne, shokabzoba. Ikiwa imelowa mafuta kutoka juu hadi chini na vumbi limegandamana, imekwisha. Kwa mbele, kandamizeni kona ya gari kwa nguvu mara kadhaa kisha mwachilie. Inapaswa kupanda na kutulia. Ikiendelea kubembea kama mtoto kwenye kamba, haifanyi kazi. Nyuma jaribio hili halisemi mengi, kwa sababu springi za mabamba ni ngumu gari likiwa tupu. Basi dereva akitoka njia mbaya, aguse shokabzoba zote mbili za nyuma, akichunga asiguse bomba la moshi. Inayofanya kazi hupata joto. Iliyobaki baridi imelala.

Tano, tairi. Mabonde mabonde kwenye tairi mara nyingi ni shauri la shokabzoba. Tairi la mbele likiisha upande mmoja, magurudumu hayajanyooka ama kuna kiungo kilicholegea.

Sita, inueni gurudumu la mbele kwa jeki. Mmoja alishike juu na chini alitikise, mwingine atazame ndani. Likicheza, mwenye kutazama amwambie mtu wa tatu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kiungo cha mbele, na gari liende kwa fundi kabla ya kubeba mtu tena.

MNAYOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya spana, usalama. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Zuieni magurudumu kwa mawe, halafu wekeni stendi za chuma ama magogo mapana ya mti mgumu. Msitumie matofali, kwani hupasuka bila kutoa habari.

Kukaza yu-bolti mnaweza. Kazeni kwa mshazari, kidogo kidogo, ili nati zote nne za upande mmoja ziende pamoja. Zikishaondolewa, nunueni mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika. Baada ya safari chache zenye mzigo, zikazwe tena.

Kubadilisha shokabzoba za nyuma mnaweza, kwa kuwa kwenye pikapu nyingi zimeshikwa na bolti mbili tu kila moja. Badilisheni mbili pamoja, kulia na kushoto. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili, gari litavuta vibaya kwenye kona.

Bushi za raba pia mnaweza. Msizipake grisi wala mafuta, maana raba huvimba ikaoza. Tumieni maji ya sabuni ili ziingie vizuri. Na hili wengi hawalijui: bolti za bushi zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa limening'inia, raba itakaa imepindika na kuraruka mapema. Lakini zile bushi za chuma zenye nipo, hizo ndizo za grisi.

YALE YA KUMWACHIA FUNDI

Springi za kuviringika za mbele msizifungue. Zimebanwa kwa nguvu kubwa, na ikiruka inaweza kuua. Fundi ana kifaa cha kuibana.

Bamba lililovunjika lisichomewe. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa namna yake ili kiweze kupinda na kurudi. Moto wa kuchomea huharibu hiyo hali, na bamba litavunjika tena pale pale, pengine mkiwa mteremkoni na watu nyuma.

SHIDA HASA IKO WAPI?

Sasa niseme lile ambalo huenda halitawapendeza. Vikundi vingi springi ikilala, huenda jua kali wakaongezewa bamba. Gari linasimama juu, kila mtu anafurahi, na Jumatano inayofuata wanapakia magunia mengine mawili.

Ndugu zangu, bamba haliongezi breki. Haliongezi nguvu ya ekseli, wala ya beringi, wala ya tairi, wala ya chesisi. Ile springi iliyolala ilikuwa inawaambia ukweli, nanyi mmemnyamazisha shahidi.

Tufanye hesabu pamoja. Gunia la mahindi la kilo 90, mara 10, ni kilo 900. Waongezeni watu 6 juu ya magunia, kila mmoja kilo 65, hao ni kilo 390. Jumla ni kilo 1,290. Kama pikapu yenu imetengenezwa kubeba tani moja, mmeizidisha kwa kilo 290, na bado hatujamhesabu dereva na mwenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alisema, "Gunia langu ni moja tu."

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya mizigo, aliwaambia wasaidiane, na papo hapo akawakumbusha kwamba kila mtu ana wa kwake. Kikundi ni hivyo hivyo. Gari ni la wote, lakini gunia la ziada lina mwenyewe.

Basi nawaomba mkirudi nyumbani mfanye mambo matatu. Tazameni kitabu cha gari mjue uzito linaoruhusiwa, mwandike ndani ya mlango kwa hesabu ya magunia, si kilo, ili kila mtu aelewe. Wekeni daftari la ukaguzi wa Jumamosi, litiwe sahihi na dereva na mwanakamati mmoja. La tatu ndilo gumu: andikeni katika kumbukumbu za mkutano kwamba dereva ana ruhusa ya kukataa mzigo, hata ukiwa wa mwenyekiti, na asipoteze kazi kwa hilo.

Dereva kijana hawezi kumwambia mzee "shusha" kama kikundi hakijasimama nyuma yake. Mkimpa hiyo nguvu, springi zenu zitadumu, na watu wenu watafika.

 Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu aithibitishe.