Joto la Mayai Lina Mchungaji Wake



Leo nazungumzia kitotoleshi, lile sanduku la kuangulia vifaranga bila kuku kuatamia. Wengi mmelitengeneza kwa mbao au boksi gumu, mkalipasha joto kwa balbu ya sola. Kulitengeneza si kazi. Kazi ni kuchunga joto.

Mnajua ng'ombe mwenye afya ana joto la nyuzi 38.5 hivi. Akifika 40 mnaniita. Yai nalo liko hapo hapo. Sanduku lisilo na feni linahitaji nyuzi 38.5 hadi 39, ukipimia usawa wa juu ya mayai. Joto likishuka kidogo kwa muda mfupi, kifaranga huchelewa tu. Likipanda sana, hufia ndani. Ogopeni zaidi kuzidi kuliko kupungua.

Haya nimejifunza kwa hasara. Kina mama wa kikundi kimoja walinikabidhi mayai 60. Niliweka kipimajoto chini kabisa ya sanduku, kwenye ubaridi. Kilionyesha 38, kumbe mayai kule juu kwenye trei yanaungua. Siku ya 21 walitoka vifaranga watatu. Niliyapasua yaliyobaki mbele yao, nikawaomba radhi. Yalikuwa mayai ya kununulia daftari za watoto.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Kipimajoto kilale usawa wa juu ya mayai. Kwanza kilinganisheni na kile cha kupimia ng'ombe, vyote viwili katika maji ya vuguvugu. Vikitofautiana, andikeni tofauti hiyo juu ya sanduku.

2. Washeni sanduku siku nzima, mchana na usiku, kabla ya kuweka mayai. Joto likitulia, ndipo myaweke.

3. Likae ndani ya nyumba ya udongo, mbali na moshi na upepo. Chini ya bati, jua la saa saba pekee linaweza kuyapika.

4. Joto likizidi, fungueni mfuniko kidogo na mzime balbu moja. Msiyamwagie maji.

5. Sola ikizima usiku, wekeni ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, zisiguse mayai. Funikeni sanduku kwa blanketi, lakini matundu ya hewa yasizibwe.

6. Bakuli la maji lisikauke. Geuzeni mayai mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Baada ya hapo msiyageuze, wala msifunguefungue.

Mwisho, pangeni zamu. Zizi halilali bila mlinzi, na sanduku hili ni zizi. Kila baada ya saa chache mtu asome kipimajoto na kuandika, usiku naye aamke. Mara ya kwanza anzeni na mayai 10, msiweke yote.

Sasa nileteeni vipimajoto vyenu tuvilinganishe.